Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege: kilomita 850, mbona saa moja na nusu?

Swali: Husafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Nikigawanya kilomita 850 kwa mwendo wa jeti, yaani kama kilomita 830 kwa saa, napata saa moja na dakika moja. Mbona tiketi inaonyesha saa moja na nusu? Na kwa nini programu niliyonayo kwenye simu inaandika kuwa umbali ni 460?

Jibu: Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Hiyo 460 ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia. Maili moja ni kilomita 1.852, kwa hiyo umbali ni uleule. Ni mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili, na usiulinganishe na barabara ya kupitia Dodoma na Singida, ambayo inazidi kilomita 1,100.

Kuhusu muda, hesabu yako ingekuwa sahihi kama ndege ingeanza safari ikiwa tayari angani na katika mwendo wake kamili. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho yake Dar es Salaam, na huisha pale inaposimama Mwanza na mhudumu wa uwanja kuweka vizuizi kwenye magurudumu. Kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, pamoja na kusubiri zamu nyuma ya ndege nyingine, kunaweza kula dakika kumi au zaidi kabla hujaruka.

Baada ya hapo jeti hupanda kwa takriban dakika ishirini, ikiwa imekwenda kama kilomita 200 tu, hadi ifike karibu futi 36,000. Kushuka nako huanza mapema kuliko abiria wengi wanavyodhani: kanuni ya kawaida ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000, na kwa kuwa uwanja wa Mwanza wenyewe uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, rubani huanza kushuka akiwa bado na kilomita 180 hivi mbele yake. Ukitoa vipande hivyo viwili, mwendo ule uliougawanyia unatumika kwa kilomita 470 pekee, kama dakika 34. Upepo ukimlazimu rubani kutua akitokea upande wa ziwa, huupita uwanja kwanza na kugeuka juu ya maji, na hapo dakika kadhaa huongezeka.

Kwa sababu hiyohiyo, ndege ya pangaboi, ambayo mwendo wake ni kilomita 650 hivi kwa saa, haichelewi kwa kiasi unachoweza kukisia: tofauti ya mwendo inahusu kipande cha katikati zaidi, ilhali muda wa kutambaa na kusubiri zamu ni uleule kwa ndege zote mbili.