Mkuu, usibandike sumaku chini ya kinoo cha almasi

Mkuu, weka hiyo gundi chini kwanza. Usibandike kitu. Nilikuwa napita tu kwenye uzi huu, ila nilipofika kwenye picha yako ya sumaku nne zimepangwa pembeni ya kinoo nimeshindwa kunyamaza.

Umesema una vinoo viwili vya almasi: kimoja sumaku inakinasa mpaka uibandue kwa kucha, kingine inateleza tu, na unataka kujua kipi ni feki. Ukasema hicho kinachonasa utakibandikia sumaku za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu sana, kwa chini ili kisiteleze na ili "zivute vumbi la chuma". Halafu ukauliza maji au mafuta, na uanze na namba ngapi, yaani namba ya ukubwa wa chembe. Hapo kwenye sumaku, mkuu, unaingia choo cha kike, na mimi ndio kwanza natoka.

La feki nalimaliza haraka. Almasi haivutwi na sumaku, tena husukumwa mbali kidogo sana, kiasi ambacho mkono hauwezi kuhisi. Lakini wewe hukupima almasi, umepima bamba. Vinoo vingi vya aina hii ni bamba la chuma lenye chembe za almasi za kiwandani, zilizoshikizwa kwa tabaka la nikeli lililopakwa kwa umeme. Chuma kinavutwa na sumaku, na nikeli nayo inavutwa. Hata chembe zenyewe zina mambo yake: almasi zinazotengenezwa kwa mgandamizo na joto kali hupikwa pamoja na chuma, nikeli au kobalti ili zikue, na mabaki ya metali hizo hubaki yamenaswa ndani. Kwa hiyo almasi halali kabisa inaweza kuifuata sumaku kali. Na bamba la alumini au la plastiki halitanasa vizuri hata kama kazi ya juu yake ni safi, au hata kama ni takataka tupu. Sumaku imekujibu swali ambalo hukuuliza.

Aliyeniuzia kinoo changu cha kwanza alinifanyia jaribio hilo hilo kwa mbwembwe zote. "Unaona? Haivutwi. Almasi tupu hii." Almasi tupu! Kilikuwa kipande cha alumini kilichopakwa gundi na kunyunyiziwa chembe, zikaanza kutoka na kitambaa cha kukaushia. Chukua lenzi ya kukuzia, angalia kama chembe zimesambaa sawasawa na kama zimezama kwenye metali au zimekalia gundi. Hapo utajua zaidi ya sumaku yoyote.

Sasa twende kwenye kidonda.

Baada ya kupigwa na yule wa alumini nilinunua kinoo cha maana, bamba jembamba la chuma, unene wa milimita moja hivi, nikeli imekaa vizuri, chembe zimejipanga. Kikawa kinateleza mezani. Nikakutana na video ya bwana mmoja mwenye aproni ya ngozi na sauti nzito, zile sauti ambazo hata akikwambia jua linachomoza usiku unaandika. Akasema panga sumaku chini ya bamba: moja, halitatikisika, mbili, sumaku itavuta vumbi la chuma na kinoo kitajisafisha chenyewe. Kinajisafisha chenyewe! Na mimi fizikia nilisoma jamani, msinicheke. Tatizo mwalimu hakuleta kinoo darasani.

Mwanzoni raha. Bamba limetulia kama limepigwa misumari, kisu kinapita, unasikia ule mkwaruzo mtamu. Baada ya muda ukali wa kinoo ukawa unapungua. Nikatazama juu: vumbi la chuma halikuwa limejikusanya pembeni kama alivyosema yule bwana. Lilikuwa limesimama wima juu ya kila sumaku, ndevu nyeusi zimeota katikati ya almasi.

Fikiria vipimo. Kinoo cha almasi cha namba 600 kina chembe za maikroni 25 hivi, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe hiyo haijakaa juu ya bamba yote, sehemu yake kubwa imezama ndani ya nikeli ndiyo maana haitoki. Kinachobaki nje kufanya kazi ni maikroni chache. Unywele wa kichwani kwako una unene wa kama maikroni 70. Sasa hizo ndevu za chuma zinazosimama kwa nguvu ya sumaku ni ndefu mara nyingi kuliko kile kijisehemu cha almasi kinachochungulia. Yaani kisu chako hakigusi almasi tena, kinatembea juu ya zulia la chuma chenzake. Kazi ya maji kwenye kinoo ni kuliondoa hilo vumbi: lielee, lisombwe, ulifute. Sumaku inafanya kinyume chake, inalishikilia pale pale ambapo wewe unataka liondoke. Na ukisuuza linabaki. Ukipiga brashi linalala, ukiondoa brashi linasimama.

Hapo bado sijafika kwenye gharama. Gharama ilikuja kwa sababu kinoo kisipokata, binadamu anakandamiza. Nilikandamiza. Nikaweka mkono wa pili. Nikawa nainuka kwenye kiti ili uzito wa mwili usaidie, na yule bwana wa aproni kwenye simu anaendelea kunong'ona habari za subira.

Almasi haichakai kirahisi kwa kunoa kwa mkono, hicho mnachokijua ni kweli. Ila inang'oka. Inashikwa na nikeli, na nikeli ni laini kuliko hata kisu chako. Makali ya kisu ni membamba mno, kwa hiyo nguvu yote ya mwili wako inaangukia kwenye mstari mdogo kabisa, na kila chembe inayokutana na mstari huo inasukumwa kwa ubavu mpaka inaachia. Ikishang'oka haiendi mbali. Inazungukwa na ndevu za chuma, inabaki pale inabingirika, na kazi yake mpya ni kukuchora kisu. Nilikuwa na mikwaruzo kwenye bapa mpaka karibu na mpini, mahali ambapo sikuwahi kugusisha kinoo kwa makusudi.

Kuna na la kupinda. Sumaku zikiwa kwenye pembe nne, katikati ya bamba pako hewani. Bamba la milimita moja ukilikandamiza katikati linabonyea. Hulioni kwa macho, ila kisu kinaliona: pembe ya kisu uliyoishika kwa umakini inabadilika kila kisu kinapopita katikati, na makali yanatoka ya mviringo. Nikawa nalaumu mkono wangu. Nikalaumu chuma cha kisu. Nikalaumu kiwanda cha kinoo, nikamwandikia muuzaji barua ya matusi ya kistaarabu, nikanunua kinoo kingine cha bei ya juu zaidi. Nikakiweka wapi? Juu ya sumaku zile zile, mkuu. Cheka tu, nimeshazoea.

Kilichoniokoa si akili. Gundi ililainika kwa maji, sumaku zikabaki mezani na bamba mkononi. Kwa uvivu nikaliweka juu ya kitambaa kibichi kilichokunjwa, nikapitisha kisu bila kukandamiza, na kinoo kikakata. Pembeni kilikata vizuri. Katikati hakikukata kitu. Nikachukua lenzi: katikati pote upara, nikeli inang'aa, vishimo vitupu vilivyokuwa makao ya almasi. Kinoo cha pili nacho kilikuwa kimeanza. Upara wa kinoo hauna dawa, huwezi kuotesha almasi upya nyumbani.

Sasa huyo mdau hapo juu anayesema "weka tu, mimi nimeweka na kinakata safi". Mdau, nakuheshimu, lakini sema na unene wa bamba lako. Bamba nene la chuma, milimita nane au kumi, hubeba nguvu ya sumaku ndani kwa ndani, na kinachofika juu ni kidogo, ndiyo maana huoni ndevu. Bamba jembamba likishashiba nguvu hiyo, inayozidi inatokea juu. Muuliza swali ana bamba jembamba, kwenye picha linaonekana. Ushauri wako kwake ni sawa na kumpa mtu viatu kwa sababu vinakutosha wewe. Na hata kwako, faida yake nini? Kinoo kisiteleze? Kitambaa kibichi kinatosha. Kipande cha mpira kinatosha. Ubao wenye kizuizi mbele ni bora kuliko vyote kwa sababu unashikilia bamba lote kwa chini, halibonyei. Sumaku haihitajiki hapo hata kidogo.

Kama unaipenda sana sumaku, ivalishe mfuko wa plastiki uitumbukize kwenye beseni la maji machafu baada ya kunoa. Inakusanya vumbi, unageuza mfuko, unatupa. Hapo ndipo inapojisafisha, si juu ya kinoo.

Na visu vyako pia, kwa kuwa umesema unavitundika kwenye ubao wa sumaku. Chuma kilichopashwa moto na kupozwa ghafla kikawa kigumu hushika usumaku na kuung'ang'ania kuliko chuma laini. Kisu kikikaa kwenye sumaku muda mrefu kinakuwa nacho sumaku ndogo, na ukikinoa kinabeba vumbi na chembe za kinoo kikali kwenye makali mpaka kwenye kinoo laini. Ndiyo ile mikwaruzo mirefu mnayolalamikia wakati mmefika mwisho kabisa wa kunoa. Futa kisu kwa kitambaa kila unapohama kinoo, ukifuta kutoka mgongoni kuelekea makali, usipitishe kitambaa kufuata urefu wa makali kama unavipenda vidole vyako.

Kama hicho kinoo chako umeshakikalisha kwenye sumaku, kisuuze kwa maji ya sabuni na brashi ya nailoni, kikaushe vizuri kisipate kutu, kisha ukiondolee usumaku. Mafundi saa wana kifaa chake, koili ya umeme wa kupishana (AC), yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Unakiwasha, unapitisha bamba taratibu, unaliondoa polepole mpaka liwe mbali kwa urefu wa mkono, ndipo unazima. Ukizima bamba likiwa bado karibu unaweza kuliacha na usumaku kuliko ulivyolikuta, usiniulize nimejuaje.

Usikipashe moto. Najua kuna mtu atakuja kusema moto unaondoa usumaku, na ni kweli, nikeli huupoteza kwenye nyuzi 355 za Selsiasi hivi na chuma kwenye 770. Ila mpaka ufike 770 plastiki ya kitako imeshakuwa moshi, na almasi yenyewe kwenye hewa huanza kuungua kwenye joto la aina hiyo. Ni kaboni hiyo mkuu. Na ukidhani utakipasha kisu badala ya kinoo, basi ugumu wake umeuaga.

Ukimaliza na koili, hakikisha bamba ni kavu, nyunyizia chenga kidogo za chuma juu yake, ligeuze, ligonge mgongoni kwa kidole. Zikidondoka zote, liweke juu ya kitambaa kibichi uanze kunoa kwa uzito wa kisu chenyewe. Zikibaki zimeganda, rudi kwenye koili.