Muulize Fundi: Harmonika ya babu inatoa pumzi tu

SWALI: Fundi habari za kazi, mi msomaji wako wa huku Tanga. Marehemu babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge na jioni alikuwa anapiga harmonika, sasa bibi kanipa mimi nirithi. Ni Hohner Marine Band ya Mjerumani, matundu 10. Shida yake matundu mengine yanalia vizuri, mengine pumzi tu, la 2 ukivuta linakoroma, la 5 ukivuta kimya kabisa, alafu ile mbao ya katikati imetokeza inanikwaruza midomo. Shangazi anasema niichemshe ife wadudu. Nifanyeje, au ndo basi tena?

JIBU: Pole kwa kufiwa. Shangazi mshukuru lakini sufuria airudishe kabatini, hiyo mbao ni ya mti wa mapeasi na inakunywa maji, ukiichemsha inavimba, ikikauka inapasuka na hapo kweli itakuwa ndo basi tena. Harmonika yenyewe sidhani kama imekufa. Kampuni ya Hohner ya kule Trossingen, Ujerumani, wameanza kuitoa Marine Band mwaka 1896 na mpaka leo wanaitengeneza, kwa hiyo hata spea sio hadithi, bamba zima lenye vilimi vyake (vile vibati vyembamba vinavyotikisika na kutoa sauti) unaweza kuagiza ilimradi liwe la ki ileile, yaani ile herufi ya ufunguo wa muziki iliyoandikwa kwenye yako.

Kuifungua ndo pa kwenda taratibu. Za zamani hazina skrubu, zimepigwa vimisumari vidogo sana, chukua kisu chembamba butu ukipenyeze chini ya bati la juu unyanyue kidogo upande huu kidogo upande ule, ukilazimisha sehemu moja bati linapinda na hutalinyoosha likawa kama mwanzo. Kila msumari ukitoka uchomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule uliokuwa nao, maana kila mmoja umeshazoea tundu lake. Ndani utakuta mabamba mawili ya shaba na mbao yenye vyumba 10 katikati yake. Vilimi ni 20, vya kupuliza viko bamba la juu vimeangalia ndani, vya kuvuta viko bamba la chini kwa nje. Weka alama ya penseli kwenye mbao, juu ni wapi na chini wapi, utanishukuru wakati wa kufunga.

Mabamba peke yake, narudia mabamba sio mbao, yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ukiona kutu ya kijani weka ndimu au siki kidogo, dakika chache tu, alafu suuza sana. Mswaki uwe laini na upitishe kuanzia kwenye ribiti, kile kipini kinachoshikilia kilimi kwenye bamba, kuelekea ncha ya kilimi, usipitishe kwa kukatisha, utavipinda vyote.

Sasa hilo tundu la 5. Bamba likikauka liinue kwenye mwanga wa dirisha utazame kile kilimi, pembeni yake inatakiwa uone mstari mwembamba wa mwanga kulia na kushoto sawasawa. Upande mmoja ukiwa giza basi kuna uchafu umekwama au kilimi kimesogea kinagusa kuta. Mara nyingi ni uchafu tu, uzi wa mfuko wa shati, makombo ya mkate, babu zetu walikuwa wanakula ndo wanapiga. Pitisha filagheji (kibati cha kupimia nafasi) ile nyembamba kabisa ya mafundi pikipiki, alafu kidokoe kwa ncha ya kijiti, kikitoa ting' safi ni kizima. Kikitoa sauti mfu kiangalie karibu na ribiti, ufa huwa unaanzia hapo, na kikiwa na ufa usihangaike nacho, agiza bamba.

La 2 wala sijali sana. Hilo la kuvuta linasumbua karibu kila anayeanza, watu wanavuta kwa nguvu mno kama wanakunywa soda kwa mrija ulioziba. Vuta polepole huku koo umelilegeza kabla hujailaumu harmonika.

Mbao iache ikauke kivulini siku kadhaa, usianike juani. Mara nyingi inarudi yenyewe, kinachobaki kimetokeza ndo unakisugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo ili iwe bapa, maana pakiwa na nafasi kati ya mbao na bamba pumzi inatorokea hapo na matundu yote yanakuwa dhaifu hata kama vilimi ni vizima. Watu wanahangaika na vilimi kumbe ugonjwa uko kwenye mbao! Ukimaliza paka nta ya nyuki kidogo sana.

Na tupa, ile ya kusugulia chuma, usiiguse kabisa mpaka umeifunga harmonika ukaisikia. Ukikwangua ncha ya kilimi sauti inapanda, ukikwangua karibu na ribiti inashuka, na shaba ikishatoka hairudi, kwa hiyo jifunzie kwanza kwenye harmonika mbovu ya bei rahisi, sio ya marehemu.

SWALI: Nipo Mombasa. Nimenunua harmonika ya Kichina ya mtumba, ina matundu safu mbili juu na chini. Kila noti inatetemeka kama ina homa. Naitengenezaje iache?

JIBU: Usiitengeneze kaka, ni nzima hiyo. Hiyo ni tremolo, kila noti ina vilimi viwili na kimoja kimetyuniwa juu kidogo ya mwenzake makusudi, ndo maana inatetemeka. Kama huamini bandika selotepu kwenye safu yote ya juu upige, mtetemo wote utapotea. Ukitaka sauti iliyonyooka moja kwa moja hiyo muuzie mtu mwingine ununue ya matundu 10, lakini ukiipeleka kwa fundi "aitoe hitilafu" ujue atakuharibia alafu akudai hela.