Maswali Yenu: Programu za kukadiria hewa chafu inayomfikia mtu

Barua nyingi tulizopokea zinahusu kusakinisha programu za kukadiria uchafuzi wa hewa unaowafikia watu pale walipo. Tumechagua tano.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa afya ya mazingira, Morogoro. Nataka kujua majirani wa tanuri za matofali wanavuta moshi kiasi gani. Msimamizi wangu ametaja AERMOD, mwenzangu anasema APEX, na mtandaoni nimeona AirQ+. Nisakinishe ipi?

Zote tatu ni za bure, ila kila moja ina kazi yake. AERMOD ni ya Shirika la Mazingira la Marekani, EPA. Unaipa moshi unaotoka kwenye chanzo, upepo na sura ya ardhi, nayo inakupa kiwango cha uchafu hewani kwenye kila nukta uliyoichagua. Kama kwenye nukta hiyo kuna mtu au hakuna, haina habari. APEX nayo ni ya EPA, na inaanzia pale AERMOD inapoishia: inaunda watu wa kubuni kutokana na sensa, inampa kila mmoja shajara ya siku inayoonyesha saa za kulala, za kusafiri na za kukaa nje, kisha inakokotoa uchafu uliomfikia saa kwa saa. AirQ+ ya Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, haimfuati mtu mmoja mmoja. Inachukua kiwango cha wastani na idadi ya watu, inakadiria vifo na magonjwa.

Kwa tanuri zako anza na AERMOD. Bila upepo wa eneo lako, hiyo APEX haitakuwa na kitu cha kusoma. Tafuta mapema data za hali ya hewa za kila saa kwa mwaka mzima, maana AERMET, programu ndogo inayomwandalia AERMOD hali ya hewa, haiwezi kufanya kazi bila hizo. Wanafunzi wengi husakinisha kila kitu kwa siku moja, halafu wakakwama miezi kadhaa kwa kukosa faili la upepo.

Jambo moja linalosahaulika: usipoiambia kitu, AERMOD hukadiria kiwango usawa wa ardhi. Mtu havutii pumzi ardhini. Kwenye sehemu ya CO (kifupi cha "control", yaani udhibiti) ya faili la maagizo andika mstari `CO FLAGPOLE 1.5`, nukta zote zipande hadi mita 1.5.

Nimepakua APEX, nikabofya mara mbili. Dirisha jeusi linawaka na kuzima papo hapo. Nimepakua tena mara kadhaa, hali ni ile ile. Je, faili limeharibika? (Nakuru)

Halijaharibika. APEX haina vitufe wala menyu. Imeandikwa kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu, na inataka iitwe kwenye dirisha la kamandi, ikitajiwa jina la faili la maagizo. Ukiibofya tu, inakosa maagizo, inatoa ujumbe wa kosa na kujifunga kabla hujasoma neno.

Fanya hivi. Tengeneza folda `C:\APEX`, jina fupi lisilo na nafasi katikati. Usiiweke ndani ya Program Files, kwa sababu Windows huzuia programu kuandika matokeo humo, na usiiweke kwenye folda inayojinakili yenyewe kwenda mtandaoni, kwa sababu faili linaweza kufungwa katikati ya kazi. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia, chagua "Extract All". Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaifungua zipu kwa kuichungulia tu na kuendesha programu ikiwa bado imo ndani, basi mafaili mengine hayaonekani. Ndani ya `C:\APEX` weka folda mbili, moja ya data zinazoingia na nyingine ya matokeo.

Sasa fungua dirisha la kamandi kwa kuandika `cmd` kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika `cd /d C:\APEX`, bonyeza Enter. Kisha andika jina kamili la programu kama lilivyo kwenye folda, acha nafasi, andika jina la faili la maagizo. Ukitaka kila ujumbe ubaki, malizia mstari huo kwa `> ujumbe.txt 2>&1`.

Faili la maagizo ni maandishi matupu. Ndilo linaloitajia programu njia ya kila faili la data, nukta ya katikati ya eneo la utafiti, kilomita za kuzunguka nukta hiyo, tarehe za kuanza na kumaliza, na idadi ya watu wa kubuni. Lihariri kwa Notepad au Notepad++, kamwe si kwa Word, kwa sababu Word hubadilisha alama za nukuu na vistari kimyakimya. Na kwenye kidirisha cha folda washa "File name extensions". Notepad hupenda kuongeza .txt mwishoni, nawe unaona `maagizo.inp` kumbe kwenye diski ni `maagizo.inp.txt`.

Endesha kwanza mfano unaokuja na programu, bila kuugusa isipokuwa njia za mafaili. Mfano ukipita, ujue kompyuta yako iko sawa na kosa litakalofuata litakuwa kwenye data zako. Kwa majaribio ya data zako weka watu 100 tu. Ukifika kwenye makumi ya elfu, zima tokeo la saa kwa saa usipolihitaji: watu 100,000 mara saa 8,760 za mwaka ni mistari milioni 876, na diski ya kompyuta ya kawaida itaomba poo. Chagua pia mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha uchotaji wa watu wa kubuni) na uiandike kwenye daftari lako, la sivyo hutaweza kurudia matokeo yale yale mwenzako akikuuliza.

Mimi ni mtafiti wa afya, Bujumbura. Mfano umepita vizuri, lakini nikiweka data zetu napata "severe (64): input conversion error". Faili nimelitengeneza kwa Excel na namba zote ziko sahihi kabisa.

Dada, namba ni sahihi, ila zimeandikwa Kifaransa. Windows iliyowekwa Kifaransa huandika 35,4 pale ambapo Fortran inataka 35.4, na Excel ikihifadhi CSV (jedwali la maandishi matupu) hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Programu inasoma 35, inakuta mkato, inachanganyikiwa. Wasomaji wa Lubumbashi na Goma wanakumbana na hili pia.

Dawa ni kubadilisha kitenganishi cha desimali kiwe nukta ndani ya Excel yenyewe, kwenye mipangilio ya juu ("Options avancées"), uondoe alama ya kutumia vitenganishi vya mfumo, kisha uhifadhi upya. Usibadilishe mikato yote kwa "tafuta na badilisha" kabla ya kuangalia kama kuna mikato inayotenganisha safu. Ukizichanganya hizo mbili, faili halitengenezeki tena.

Namba hizo za "severe" hutoka kwenye programu zilizojengwa kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) ya Fortran ya Intel, na ukizijua zinaokoa muda. 29 ni faili halikuonekana: angalia njia na tahajia. 24 ni faili limekwisha kabla programu haijamaliza kusoma, na mara nyingi kuna saa zinazokosekana au mstari wa mwisho haukufungwa kwa Enter. 59 na 64 ni herufi pasipotakiwa: mkato, alama ya digrii, au neno "NA" lililoachwa na mashine ya kupimia hewa.

Hilo la "NA" lina uzito kuliko linavyoonekana. APEX inataka kiwango cha kila saa bila pengo. Umeme ukikatika, kituo kikanyamaza, ni lazima uzibe pengo mwenyewe kabla ya kuiendesha. Pengo la saa moja au mbili, chora mstari kati ya saa ya kabla na ya baada. Pengo la siku nzima lizibe kwa kituo jirani au kwa wastani wa saa hiyo hiyo katika mwezi huo, uandike ulichofanya. Usiweke sifuri kamwe. Sifuri itasomwa kuwa hewa safi, na wastani wako utashuka bila mtu kugundua.

Natumia Ubuntu. Nimejaribu kujenga AERMOD kutoka kwenye msimbo wake, napata "Cannot open module file 'main1.mod'". (Mombasa)

Umeipa kompaila mafaili kwa mpangilio wa alfabeti. Faili la `modules.f` ni lazima litangulie, kwa kuwa ndilo linalozalisha `main1.mod` ambalo mengine yote yanalisoma. Sakinisha kompaila kwa `sudo apt install gfortran`, kisha fungua faili la .bat la gfortran linalokuja na msimbo. Ni la Windows, lakini ndani yake kuna mpangilio sahihi wa mafaili yote. Unakili mstari kwa mstari, kila faili kwa `gfortran -c -O2`, mwishoni uyaunganishe kwa `gfortran -o aermod *.o`.

Kisha kumbuka kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kama faili la maagizo linataja METEO.SFC na kwenye folda lipo meteo.sfc, halitaonekana. Tarakimu ya mwisho ikitofautiana kidogo na tokeo la mfano wa EPA, usihangaike. Ukiona "AERMOD Finishes UN-successfully", fungua tokeo utafute mistari ya makosa yenye herufi E. Yenye W ni maonyo tu, ila yasome.

Je, APEX inafaa kwa Dar es Salaam? Nimeona data zake zote ni za Marekani. Na nikishapata jibu, naliweka kwenye AirQ+? (Afisa mazingira, Temeke)

Hesabu zake zinafaa, data zake hazifai. Sensa iliyomo ni ya Marekani. Shajara zinatoka CHAD, hifadhidata ya EPA ambayo karibu yote ni maisha ya Wamarekani: muda mrefu ndani ya nyumba iliyofungwa na ndani ya gari binafsi, na hakuna anayechochea mkaa. Hata joto linasomwa kwa Farenhaiti. Usisahau alama za ramani pia: mfano una longitudo hasi, Dar es Salaam ina longitudo chanya na latitudo hasi. Ukikosea hapo, kituo chako cha hewa kitaangukia mbali na eneo la utafiti, na programu itakuambia haina mtaa hata mmoja wa kukokotoa.

Hewa ya ndani nayo ni tofauti. Uwiano wa uchafu wa nje unaobaki ndani hupatikana kwa P × a ÷ (a + k), ambapo P ni sehemu inayopenya, a ni mara ambazo hewa ya nyumba inabadilishwa kwa saa, na k ni kasi ya vumbi kutua. Nyumba iliyofungwa yenye P ya 0.8, a ya 0.4 na k ya 0.4 inabakiza asilimia 40. Nyumba yenye madirisha wazi, P ikiwa 1, a ikiwa 2 na k ile ile, inabakiza asilimia 83. Ukibeba namba za Marekani kama zilivyo, umewapa watu wa Temeke kinga wasiyokuwa nayo.

Ushauri wetu: kama huna shajara za wakazi, usianze na APEX. Kusanya kwanza shajara za siku nzima, hata za kaya 100, halafu fanya hesabu kwa R, programu ya bure ya takwimu. Chukua namba za mfano za mama lishe, kwa maikrogramu za PM2.5 (chembe ndogo mno za moshi na vumbi) kwa mita ya ujazo: jikoni saa 3 penye 300, kulala saa 8 penye 40, kazi nyingine za ndani saa 5 penye 50, kando ya barabara saa 6 penye 70, daladala saa 2 penye 90. Jumla ni 2,070; gawa kwa 24, unapata 86. Kituo cha barabarani kingekuambia 70. Na jiko, lenye saa 3 tu kati ya 24, limebeba zaidi ya asilimia 43 ya mzigo wote.

Unapoingiza nasibu, chota shajara nzima ya mtu mmoja, usichote saa za kila mahali pekepeke, kwa sababu hazitafika 24 au zitapita. Kwa kiwango cha jikoni tumia `rlnorm(10000, log(300), log(2.5))`. Ukisahau hizo `log` mbili utapata namba za ajabu. Na usishangae wastani ukitoka karibu 456 badala ya 300: 300 ni ya katikati, na majiko machache yenye moshi mzito huvuta wastani juu.

Hiyo 86 usiipeleke AirQ+. Uwiano wa hatari uliomo, kwa mfano 1.08 kwa kila ongezeko la maikrogramu 10 za PM2.5, umetokana na tafiti zilizotumia kiwango cha hewa ya nje mahali watu wanapoishi. Ipe wastani wa mwaka wa hewa ya nje. Ukiwa 35, na ukiweka ukomo wa chini 5 kwa mwongozo wa WHO wa 2021, tofauti ni 30: 1.08 kwa kipeo cha 3 ni 1.26, na sehemu ya vifo inayotokana na hewa hiyo ni 0.26 ÷ 1.26, karibu asilimia 21. Moshi wa jikoni una sehemu yake ndani ya AirQ+, na pale unaulizwa asilimia ya watu wanaopikia kuni na mkaa.