Stoo ya jikoni Moshi: cha kuweka ndani na cha kuachia soko

Ukiishi Moshi huna haja ya kujaza nyumba chakula. Soko la Mbuyuni lipo, mchicha na nyanya vinapita mtaani kila asubuhi, na dukani kwa Mangi unapata mpaka kitunguu kimoja. Ndiyo maana nikiulizwa stoo iwe na nini, huanza na visivyotakiwa kuingia: mboga, nyanya, ndizi, na unga wa kukaa miezi. Stoo iachie vitu vinavyokaa bila kuharibika, pamoja na vile ambavyo mgeni akipiga hodi saa moja usiku huwezi tena kuvikimbilia.

Maharage ndiyo yanayotaka macho. Nunua mapya baada ya mavuno ya masika, hata debe zima kama nyumba ina walaji. Rangi isikudanganye. Ingiza mkono katikati ya gunia uchote kiganja, kwa sababu ya juu ndiyo yaliyopangwa yaonekane. Tafuta vitobo vidogo vya duara. Ukiviona ujue mdudu mmoja ametoka na wenzake bado wamo. Kisha uliza ni ya lini. Mama ninayenunua kwake hanifichi: "Dada, haya ya mwaka jana, haya mapya. Ongeza mia mbili tu." Naongeza bila ubishi, maana maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto, na joto la Moshi tunalijua, hugoma kuiva. Utayachemsha mpaka gesi ikuishie. Magadi huyalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B, na yakizidi chakula kinanuka sabuni. Mimi nayaloweka usiku kucha. Wenzetu wa Arusha wana kazi zaidi: kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaleyale hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Sufuria ya presha kule si anasa.

Kabla ya kuyahifadhi, yapepete, yaanike juani, halafu yaache yapoe kabisa. Ukiyafungia yangali na moto yatatoa jasho na kuota ukungu. Tumia ndoo yenye mfuniko unaobana, uijaze mpaka juu ili hewa ibaki kidogo na wadudu wakose pumzi. Kwa gunia zima, nunua ile mifuko ya tabaka tatu ambayo kila tabaka unalifunga peke yake. Haihitaji dawa yoyote. Mahindi ya makande nayatunza vivyo hivyo.

Mchele nina wa aina mbili. Wa kila siku ni wa hukuhuku, mashamba ya Chekereni na Mabogini. Wa pilau nautafuta uliokaa kidogo tangu uvunwe, kwa sababu mchele mpya hushikana na mwenye nyumba huaibika mbele ya wakwe. Dona nunua ya wiki chache tu: kiini cha mahindi kimo ndani, kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Sembe inavumilia zaidi. Viungo vya pilau weka vizima, yaani binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, uvitwange siku ya kupika. Vile vilivyosagwa kwenye vipakiti vikikaa vinabaki rangi tu.

Halafu kuna rafu ya wageni, ambayo nyumbani kwangu haiguswi hata sukari ikiisha mezani. Ina mchele wa pilau, majani ya chai, sukari, maziwa ya unga, tui la nazi la pakiti, nyanya ya kopo, dagaa wakavu na karanga. (Sukari isikose. Kiwanda cha TPC kiko hapo chini tu, lakini bei ikipanda haitujali kwa ujirani.) Friza naifanya sehemu ya stoo: maharage yaliyochemshwa bila chumvi, kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja. Shemeji akitokea bila taarifa, chai na karanga zinatangulia, wali unapikwa, maharage yanaungwa kwa nazi, na hakuna aliyetumwa dukani. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 nao uwe umejaa pembeni, maana mkubwa hupenda kuisha siku ya watu wengi.

Desemba ni habari nyingine. Wachaga wa Dar, Mwanza na kwingineko wanapopanda kuja kula Krismasi, bei zinapanda nao. Mchele, mafuta na sukari ninavinunua Novemba. Vitunguu nasubiri, kwani vingi vikirundikwa huoza. Nikivileta navitandaza kwenye wavu, mbali na viazi, la sivyo vyote vitachipua au kuoza mapema. Nyama naagiza buchani mapema nichukue siku yenyewe. Ndizi za mtori hazina stoo: ongea na mtu wa migombani tangu mwanzoni mwa mwezi, akukatie mkungu wa mshare ukiwa mbichi kabisa na akuletee siku moja au mbili kabla ya wageni.