Hoteli kongwe ya mji mdogo: fedha za mwanzo ziende kwenye paa na kuta

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni busara kununua hoteli kongwe ya ghorofa moja katika mji mdogo, yenye ukumbi wa chakula chini na vyumba vya malazi juu, na pa kuanzia ikiwa fedha hazitoshi kwa yote. Nilisimamia kazi ya namna hiyo kwa miaka mitatu. Jibu langu ni kwamba unaweza kununua, lakini fedha za mwanzo zote ziende kwenye paa, mifereji na kuta, hata kama moyo unatamani kuona vitanda.

Sisi tulianza na vinavyoonekana. Kuta za chini zilikuwa na madoa ya unyevu, nasi tukazipiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta juu yake. Zilipendeza kwa miezi michache. Baada ya msimu wa mvua rangi ilivimba malengelenge, na ukiyabonyeza kwa kidole yalipasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Kibaya zaidi, unyevu ulikuwa umepanda kupita pale ulipokuwa mwanzo, ukakaribia madirisha.

Fundi mzee tuliyemwita aligonga ukuta mara mbili tu, akatuuliza nani alituruhusu kuuziba pumzi. Jengo lile lilijengwa kwa chokaa, na ukuta wa chokaa huyaacha maji yaliyoingia yatoke kwa kukauka usoni pake. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824, ina kazi zake, lakini juu ya matofali laini ya zamani hufungia maji ndani, na kwa kuwa ni ngumu kuliko tofali lenyewe, ukuta ukicheza kidogo kinachopasuka ni tofali. Chokaa, kwa upande wake, ni mawe yaliyochomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi na kumwagiwa maji, na ikishapakwa huganda polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa, hivyo kila tabaka lisubiriwe kabla ya kuongeza jingine. Mkandarasi mwenye haraka ataichukia. Tulibandua lipu yote na kulipia ukuta uleule mara ya pili, na chanzo cha maji kilikuwa nini? Bomba la mfereji wa paa lililovunjika nyuma ya jiko, likimwaga maji kwenye msingi, ambalo lilitengenezwa kwa nusu siku.

Kuhusu vyumba, hoteli za zamani zilikuwa na vyumba vidogo vingi na bafu la pamoja mwisho wa ushoroba, jambo ambalo mgeni wa leo hatalivumilia. Kishawishi ni kubomoa kuta na kupanga upya. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kutunza majengo ya kihistoria, unakubali kwamba jengo la kihistoria hutunzika vizuri linapotumika, ila unataka matumizi hayo yasibadili mpangilio wake, na unasema urejeshaji ukome pale makisio yanapoanzia. Tuliunganisha vyumba viwili viwili kwa mlango mmoja tu, kimoja cha kulala na kingine sebule, na bafu zikapewa mgongo mmoja ili mabomba yote yapite njia moja. Vyumba 14 vikawa 7. Mwenye mali alinuna kwa wiki nzima, na mimi mpaka leo sijutii.

Ngazi tuliiacha na vidato vyake vilivyobonyea katikati kwa miguu ya watu. Tulipoikwangua nguzo yake kwa wembe tulikuta tabaka tisa za rangi, ya chini kabisa ikiwa kijani iliyokolea, na hiyo ndiyo tuliyoirudisha ukumbini. Hata hivyo ngazi moja ya mbao haitoshi kwa watu waliolala ghorofani moto ukizuka. Weka njia ya pili ya kutokea, nje ikibidi, na jiko litengwe kwa ukuta na mlango unaohimili moto.

Ukumbi wa chakula ufunguliwe kabla ya vyumba. Wageni wa kulala huja kwa misimu, ilhali wenyeji wa mji hula mwaka mzima, nao ndio watakaowaelekeza wageni kwako.

Kabla hujatia saini, nenda pale siku ya mvua kubwa, usimame nje uone maji ya paa yanakoangukia. Kisha panda juu na tochi na bisibisi, uzichome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Zikishindana na bisibisi, endelea na mazungumzo. Bisibisi ikizama bila ubishi, bei ishuke sana au uachane nayo.