Tiananmen: weka nafasi kwanza, mengine baadaye

Mkuu, roho imeniuma kusoma swali lako. Unatoka Mwanza kwenda Guangzhou kufuata mzigo, unataka kupanda Beijing siku moja uone uwanja wa Tiananmen, unauliza uvae nini, ule wapi, upigie picha kona ipi. Halafu unamalizia, "kuingia nitaingia tu, si uwanja wa wazi?" Huingii bila kuweka nafasi!

Maneno hayohayo niliambiwa na dalali wa safari pale Makoroboi, Mwanza: "Dada, ni uwanja wa wazi, kama uwanja wetu wa Furahisha tu." Nikamwamini. Nikapanda treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou, karibu kilomita 2,300, saa 8 nzima. Asubuhi nikashuka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Tiananmen Mashariki, nikapanga foleni katikati ya familia zilizobeba watoto mabegani, kila mtoto na kibendera. Zamu yangu ilipofika, askari akaiweka pasipoti kwenye mashine, akatazama kioo, akatikisa kichwa. Akaiweka tena. Simo. Akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, akanionyesha njia ya kurudi.

Mzee wangu alijenga reli ya TAZARA pamoja na Wachina. Ombi lake lilikuwa moja: picha yangu mbele ya lango lile lenye sura ya Mao, pale alipoitangaza China mpya tarehe 1 Oktoba 1949. Nilichomletea nilikipiga dirishani mwa basi barabara ya Chang'an: nusu lango, nusu kisogo cha abiria. Aliishika simu muda mrefu, akaniuliza, "Sasa wewe uko wapi hapa?"

Nikamfuata dalali. Eti "utaratibu umebadilika juzi." Juzi gani? Nafasi zinawekwa tangu Desemba 2021! Mtu anakula hela yako kwa kukuelekeza mahali asipowahi kupakanyaga, na bado yupo palepale anawaelekeza wengine.

Kwa hiyo shika hili: uwanja ni bure, lakini unaweka nafasi kabla ya siku yenyewe, kwa WeChat, ile programu ya simu ya Wachina, kwa jina na namba ya pasipoti kama vilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Unachagua na muda. Wanaotaka kuona bendera ikipandishwa alfajiri wana muda wao. Siku ya kwenda beba pasipoti yenyewe, kivuli chake kiache hotelini. Kaburi la Mao na jumba la kifalme (Forbidden City), vilivyo hapohapo, kila kimoja kina nafasi yake, na Jumatatu usivitegemee, hufungwa. Tiketi za jumba la kifalme hufunguliwa siku 7 kabla, saa 2 usiku kwa saa zao, ambayo huku kwetu ni saa 9 alasiri.

Umesema unaondoka wiki ijayo. Fungua WeChat leo, na usikate tiketi ya treni mpaka uone jina lako limekubaliwa. Ukikwama kwenye kujaza, andika hapahapa, nipo.