Mkuu, hiyo chati usiitundike ukutani

Mkuu, umeuliza kama chati ya "zaidi ni kujumlisha, pungufu ni kutoa, mara ni kuzidisha, kila ni kugawanya" inafaa kuanzia kufundisha mafumbo ya aljebra darasani. Chati haifai. Afadhali ukuta ubaki mtupu.

Mpe aliyeikariri fumbo hili: Asha ana kalamu 17, ambazo ni 5 zaidi ya za Juma. Juma ana ngapi? Ataona "zaidi", atajumlisha, atakuletea 22 huku anatabasamu. Fumbo linasema za Juma ukiongeza 5 unapata 17, yaani j + 5 = 17. Kujumlisha kumo kweli, ila kumo kwenye uhusiano wa namba. Jibu lenyewe linatafutwa kwa kutoa. Chati inachanganya hayo mawili tangu siku ya kwanza. Ukiipima kwa mafumbo uliyoyatunga mwenyewe kuifuata, lazima ifaulu!

Halafu njoo kwenye "kila". Kwa kila daftari 1 kuna vitabu 6. Chati inasema gawanya. Ugawanye nini kwa nini? Asiyefuata chati naye huandika d = 6v, kwa sababu anasoma d kama "daftari" na v kama "vitabu", daftari moja vitabu sita, badala ya kuzisoma kama idadi. Weka madaftari 10: vitabu ni 60, na 10 si 6 × 60. Sahihi ni v = 6d. Wala usidhani ni utoto. John Clement na wenzake huko Marekani waliwapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu fumbo la jamii hii, wanafunzi mara 6 ya maprofesa, wakachapisha matokeo mwaka 1981. Zaidi ya theluthi walikosa, wengi wao kwa kugeuza hivyohivyo. Wahandisi hao!

Kwa hiyo shika hili moja: herufi isiandikwe kabla ya namba ya kukisia. Kalamu za Juma, kisia 8. Mwanafunzi aandike 8 + 5, aulize kama ni 17. Siyo. Kisia 10, aandike 10 + 5 chini yake. Na hapa ndipo wengi huharibu: usimruhusu aandike 13 na 15. Akishakokotoa, muundo umepotea, hana tena pa kuweka herufi. Mistari ikikaa wazi, 8 + 5 juu ya 10 + 5, anaona mwenyewe kinachobadilika ni kimoja tu. Afute hicho, aweke j, amalizie = 17. Pembeni aandike "j ni idadi ya kalamu za Juma". Akiandika "j ni Juma", arudie. Juma haongezwi 5.

Dondoo hilihili linabeba hata mabano. "Mara 3 ya jumla ya namba fulani na 4": kisia 2, iwe 3 × (2 + 4), ambayo ni 18. Aliyeandika 3 × 2 + 4 anapata 10. Waache wabishane wao kwa wao kwanza, ndipo useme neno "mabano".